Kuni, Makaa na Miti ya Kesho

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, "kibra", maana yake msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles walipopewa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, miti ilikuwa mingi. Leo mpishi wa mtaa wa Ayany atumiaye jiko la makaa hana msitu wa kukata. Hununua makaa kwa gorogoro, nayo yametoka mbali kwa magari.

Husemwa kwamba kuni ni moto usiokwisha, kwa kuwa mti ukikatwa huota mwingine. Ni kweli, ila kwa sharti moja: miti isikatwe upesi kuliko inavyokua. Mkaratusi huchipuka tena katika kisiki, na baada ya miaka michache hufaa kuni. Mgunga wa nchi kavu hukawia sana. Akataye bila kupanda ni kama mkulima alaye mbegu zake.

Hasara ya kwanza iko katika tanuri. Mchomaji afunikaye kuni kwa udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni apate kilo 1 tu ya makaa. Moto ukikosa ulinzi, hupata majivu. Kuni zilizokauka vizuri na tanuri lisilovuja hewa huleta makaa mengi zaidi.

Hasara ya pili iko jikoni. Jiko la bati tupu hupoteza joto pande zote. Tangu miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi wametengeneza jiko la bati lililowekwa udongo wa kuchomwa ndani. Udongo huo hushika joto, na makaa hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Hata chenga za makaa zisitupwe: zikichanganywa na udongo kidogo na maji, zikafinyangwa na kuanikwa, huwaka polepole na kuivisha maharagwe.

Lakini jambo moja lisisahauliwe kamwe. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wa vijiji wakapanda mamilioni ya miche. Wao walielewa maana ya methali: akiba haiozi.