Betri ya lithiamu ya kutengeneza: uliza kwanza itafanya kazi gani, ndo uunganishe seli

Leo somo ni refu kidogo, chukua daftari na kalamu.

Huku kwetu Kyela maswali ya betri za lithiamu yamekuwa mengi. Mvuvi wa usipa anataka betri nyepesi ya taa. Kijana wa video za harusi anataka betri ya pili ya droni yake aliyoiunda mwenyewe. Muuzaji anaona zote ni biashara moja: ananunua betri za laptopu zilizokufa, anazipasua, anatoa seli ambazo bado zina uhai, anaziunganisha, anazivika plastiki, halafu anaweka statasi: "Betri kali, inadumu, karibuni."

Ndugu yangu, hakuna betri kali ya kila kazi. Seli ile ile inayowasha taa ziwani hadi alfajiri inaweza kuangusha droni ndani ya dakika moja. Kwa hiyo kabla hujashika kifaa chochote, muulize mteja swali moja: hiki chombo chako kinakula ampea ngapi, na kwa muda gani? Somo lote la leo linatoka kwenye swali hilo.

1. IJUE SELI KWANZA

Seli nyingi za laptopu za zamani ni zile za mviringo zinazoitwa 18650. Maana yake upana milimita 18, urefu milimita 65. Moja ina uzito wa kama gramu 45. Volti yake ya kawaida ni 3.7, ikijaa ni 4.2, na haitakiwi kushushwa chini ya volti 2.5 hadi 3 kutegemea na aina.

Ukubwa wa tumbo lake unapimwa kwa mAh. Seli ya 2,000 mAh ni sawa na Ah 2. Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa 7.4. Hiyo wati-saa ndiyo chakula chenyewe, iandike.

Tahadhari: ukiona 18650 imeandikwa 9,900 mAh, achana nayo. Seli za viwanda vinavyoaminika za umbo hilo kwa kawaida zinaishia kwenye 3,500 hivi. Aliyeandika 9,900 anauza karatasi ya nje.

Ukipanga seli kwa foleni, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti zinajumlishwa. Tatu zinakupa 11.1, nne zinakupa 14.8. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, chanya na chanya, hasi na hasi, volti inabaki ile ile ila ampea zinajumlishwa. Mafundi wanaandika foleni kwa herufi S na ubavu kwa herufi P. Yaani 3S6P ni mafungu matatu kwenye foleni, kila fungu lina seli sita. Jumla seli 18.

2. HESABU YA TAA YA USIPA

Tuseme taa ya LED ni wati 10 na mvuvi anaiwasha saa 9. 10 mara 9 ni wati-saa 90.

Seli yako ya 2,000 mAh ina wati-saa 7.4, lakini usiikamue yote. Chukua asilimia 80, inabaki kama 5.9. Gawa 90 kwa 5.9, unapata seli 15 na kidogo. Kwa hiyo 3S5P ya seli 15 haifiki, nenda 3S6P ya seli 18.

Sasa angalia ampea. Wati 10 kwa volti 11.1 ni kama ampea 0.9. Zigawe kwa seli sita za ubavu, kila seli inatoa ampea 0.15 tu. Hiyo kwa seli ya laptopu ni matembezi ya jioni. Ndo maana seli zilizotumika zinafaa sana kwenye taa. Na uzito wa seli zote 18 ni kama gramu 810, mvuvi anaibeba kwa mkono mmoja pamoja na nyavu zake.

3. HESABU YA DRONI

Hapa ndo watu wanaanguka. Tuseme droni ya propela nne inatumia 4S, na ikipanda kwa nguvu inavuta ampea 30. Seli ya kawaida ya laptopu ni salama kwenye ampea 4 hivi. 30 gawa kwa 4 unapata karibu seli 8 za ubavu. Mara nne za foleni, seli 32. Uzito wake ni gramu 1,440. Hiyo droni ndogo haitanyanyuka, na ikinyanyuka itavuta ampea zaidi kubeba huo mzigo.

Ukisema "basi niweke chache tu", unakutana na ukinzani wa ndani. Seli iliyochoka inaweza kuwa na miliomu 60. Ukiivuta ampea 10, inapoteza volti 0.6 palepale. Kwenye foleni ya nne ni volti 2.4 zimepotea. Betri inasoma imejaa mezani, ikifika angani inazirai. Na hizo volti zilizopotea haziendi mbinguni, zinageuka joto ndani ya seli.

Droni inahitaji seli zilizotengenezwa kwa kutoa ampea nyingi. Zipo 18650 za ampea 15 hadi 20, kwa mfano Samsung 30Q na LG HG2. Kwa seli za ampea 15, hesabu ile ile inakuwa 4S2P, seli 8, chini ya gramu 400. Fahamu kwamba hapo upo kwenye kikomo chake, haina akiba. Wengi wanaorusha kwa fujo wanatumia betri bapa za LiPo zenye namba ya C. Namba hiyo unaizidisha kwa Ah: Ah 1.5 yenye 30C inaahidi ampea 45.

Droni ya mabawa ni habari nyingine. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter walitangaza majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, safari ya kilomita 60 kwa kama dakika 40. Chombo kile kinanyanyuka kama helikopta, kisha mabawa yanaubeba uzito. Mabawa yakibeba, mota hazivuti sana, na betri inafika mbali. Mteja wa droni ya mabawa anaweza kufaidi seli za mviringo. Wa propela nne, pima mara mbili.

Na zile droni za kiwandani ambazo betri yake ina bodi inayoongea na droni, usizipasue kubadilisha seli. Mwambie mteja anunue betri ya aina yake. Pia mkumbushe kwamba kurusha droni Tanzania kunataka kibali cha TCAA, asije akanunua betri halafu chombo kikakamatwa.

4. KUCHUJA SELI ZA MTUMBA

Betri ni kama mnyororo, pete dhaifu ndiyo inayoamua. Fungu moja likichoka, betri nzima imechoka. Chuja hivi:

- Iliyoota kutu, iliyobonyea, inayovuja au yenye harufu tamu ya dawa: nje.
- Pima volti ilivyotoka. Chini ya 2: nje, usijaribu kuifufua.
- Ichaji hadi 4.2 huku unaishika mara kwa mara. Inayopata moto: nje.
- Iache wiki mbili kwenye sehemu kavu. Iliyoshuka chini ya 4.1: weka kando, inajila yenyewe ndani kwa ndani.
- Ishushe kwa kipimo cha uwezo, andika mAh halisi kwenye mwili wake kwa kalamu. Chini ya asilimia 70 ya iliyoandikwa kiwandani: nje.

Zilizobaki zipange kwa kulingana. Usichanganye 2,100 na 1,500 kwenye betri moja.

5. KUUNGANISHA

Vua pete, saa na cheni. Vaa miwani. Seli haina swichi, chuma kikigusa ncha mbili tayari ni moto.

Kumbuka mwili mzima wa 18650 ni hasi, na chanya iko katikati ya kichwa tu. Weka pete ya karatasi ya kuhami kwenye kila kichwa kabla ya ukanda. Huo ukaratasi ni wa bei ndogo sana, na kuukosa kunachoma nyumba.

Kabla ya kuweka ubavu kwa ubavu, volti za seli zisipishane zaidi ya 0.05. Vinginevyo iliyojaa inamwagia iliyopungua kwa kasi.

Tumia mashine ya kuchomea nukta na ukanda wa nikeli. Usikandamize pasi ya risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaua ndani. Nikeli feki ni chuma kilichopakwa, na sumaku haitakusaidia kuijua kwa sababu nikeli halisi nayo inanaswa. Ikwaruze, iloweke kwenye maji ya chumvi usiku mzima. Ikiota kutu ni chuma.

Taa iwekee bodi ya BMS inayokata umeme ikizidi kujaa au kuisha. Pima waya zake kabla ya kuchomeka: kwa 3S volti zinapanda ngazi kwa ngazi, ya kwanza kama 4, ya pili kama 8, ya tatu kama 12. Lakini kwa droni, bodi ya kukata katikati ya safari maana yake ni kuanguka. Ndo maana betri za droni za kuunda hutolewa waya wa kusawazisha, zikachajiwa na chaja ya kusawazisha, na droni ikawekewa kengele ya volti ili rubani ashuke mapema.

Chaja ya 3S ni ya volti 12.6. Ya betri ya pikipiki inapanda 14 na zaidi, usimpe mteja. Paneli ya sola nayo isiunganishwe moja kwa moja, ipitie kidhibiti cha lithiamu. BMS ni mlinzi wa mwisho, siyo chaja.

6. BEI

Kosa la wengi ni kuhesabu bei ya seli ya kununulia. Mfano: umenunua seli 60 kwa Sh 800, jumla 48,000. Baada ya kuchuja zimebaki 36. Bei yako halisi ni 48,000 gawa kwa 36, yaani Sh 1,333 kwa seli. Betri ya seli 18 inakula 24,000 ya seli peke yake, siyo 14,400. Ongeza BMS, nikeli, kasha lisilopitisha maji, chaja, nauli ya mzigo na siku zako za kupima. Ukiuza kwa hesabu ya 14,400 unamlipia mteja betri yake.

7. TANGAZO NA KUSAFIRISHA

Acha "betri kali". Andika: "3S6P, seli zilizotumika na kupimwa, wati-saa 130, taa ya wati 10 saa 9, chaja ya 12.6, haifai kwa droni wala kuwasha injini." Tangazo hilo linapunguza wateja wabishi na linaleta wanaolipa. Weka na picha ya kipimo.

Ukituma kwa basi, iwe na chaji nusu, ncha zimezibwa, kasha gumu, na mwambie wakala ukweli kilichomo. Kwa ndege usitume ya kutengeneza: betri za lithiamu zinatakiwa ziwe za aina iliyopita majaribio ya UN 38.3, na abiria bila idhini ya shirika anaishia wati-saa 100. Hiyo ya seli 18 imeshapita.

8. MAELEKEZO YA KUMPA MTEJA

Mwandikie kwenye karatasi, umbandikie kwenye kasha. Asichaji kitandani wala akiwa amelala. Ikivimba, ikinuka au ikipata moto, aache kuitumia, aitoe nje. Ikiwaka, watu wakae mbali na moshi kwa sababu una sumu, na maji mengi ndiyo yanayopoza. Kwa mvuvi ongeza hili: siku za mbalamwezi taa inapumzika, basi betri isikae imejaa wala tupu, ibaki karibu nusu, kama volti 11.4 kwa 3S. Na abebe taa ya akiba, ziwa halina fundi usiku.

Seli zilizokufa usizitupe ziwani wala kwenye shimo la kuchomea taka. Ziba ncha kwa utepe, weka kwenye ndoo ya mchanga mkavu hadi upate wanaokusanya taka za umeme.

KAZI YA LEO: chukua oda moja uliyonayo, andika wati, saa, ampea na idadi ya seli. Ukikuta haiwezekani, mwambie mteja haiwezekani. Oda uliyoikataa kwa hesabu atakusimulia kwa watu vizuri kuliko betri iliyomzimikia katikati ya maji.

Weka hesabu yako kwenye maoni tuipitie pamoja.