Somo: Gesi ya radoni inatoka katika udongo kwa mwendo gani?



Kila mavuno, maharagi na kakao vikiisha kuingia katika depo, kazi ya kwanza ni kufunga vizuri. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa sababu ya wezi na panya, na sentineli anatandika mkeka wake chini, kando ya magunia. Katika ziara zetu kandokando ya Bunia tumekuta depo nyingi za namna hiyo. Mali inalindwa, ni vizuri. Lakini ule anayeilinda, usiku kucha anapumua nini?

Radoni ni nini?

Katika kila udongo na kila jiwe muna uraniamu kidogo sana. Uraniamu inageuka polepole kuwa radiamu, na radiamu inazaa gesi inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu. Wandugu wa Goma wanajua mazuku, ile gesi inayokaa mashimoni na kuua mtu ao mbuzi papo hapo. Radoni si mazuku, haiangushi mtu. Inafanya kazi ndani ya mapafu kidogo kidogo, na kisha miaka mingi inaweza kuleta kansa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba katika nchi nyingi radoni ni sababu ya pili ya kansa ya mapafu, nyuma ya tumbako. Kwa mvuta tumbako, hatari ya radoni inakadiriwa kuwa mara 25 zaidi kuliko kwa mtu asiyevuta.

Kwa nini tunasema juu ya mwendo? Kwa sababu radoni haidumu: nusu yake inakwisha kwa siku 3.8. Inayochelewa njiani inakwisha ndani ya udongo. Inayopata njia ya haraka ndiyo inatufikia. Udongo mkavu wenye mianya unaipitisha upesi. Mvua ikilowesha udongo wa juu, maji yanaziba mianya. Hapo gesi inatafuta pa kavu, na pa kavu ni chini ya nyumba.

Namna ya kupima

Njia yenyewe mkulima ataielewa mara moja: ni kufunika ndoo. Ndoo inageuzwa kinywa chini, inakandamizwa katika udongo, na kandokando inazibwa ili hewa isitoke. Ndani yake iko mashini ndogo inayohesabu radoni kwa kipimo cha bekereli. Tufanye hesabu ya mfano. Ndoo ni ya litre 20 (meta kibu 0.02), kinywa chake ni meta mraba 0.07. Kisha saa 2, ni kusema sekunde 7,200, radoni ndani ya ndoo imepanda kufika bekereli 500 kwa kila meta kibu.

1. 500 × 0.02 = bekereli 10 ndani ya ndoo.
2. 10 ÷ 0.07 = bekereli 143 kwa kila meta mraba.
3. 143 ÷ 7,200 = karibu 0.02 kwa kila sekunde.

Hiyo 0.02 ndiyo mwendo, na ni karibu na wastani wa udongo wa dunia. Tusiache ndoo siku nyingi: gesi ikijaa inazuia ingine kutoka, na ile ya kwanza imeanza kwisha. Tutapata mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Kwa tofali ao mchanga, tunabadilisha chombo tu. Tofali inawekwa ndani ya pipa linalofungwa kabisa, tunaangalia gesi inavyopanda, tunagawanya kwa eneo la pande zote za tofali na kwa sekunde. Tofali ya kuchoma mara nyingi inatoa radoni kidogo kuliko tofali mbichi ya udongo uleule.

Sasa turudi katika depo

Tuseme depo iko na meta 4 kwa 5, urefu wa juu meta 3, chini ni udongo mtupu. Eneo ni meta mraba 20, hewa ni meta kibu 60. Kwa mwendo wa 0.02, udongo unatoa bekereli 0.4 kila sekunde. Ikifungwa kabisa saa 10 za usiku, tunafika bekereli 240 kwa kila meta kibu. OMS inaomba wastani wa mwaka usipite 100, na pale isipowezekana, usipite 300. Lakini hewa yote ikibadilika mara moja tu kila saa, udongo uleule unatuachia karibu 24.

Ni kweli, hakuna depo inayofungwa kabisa. Lakini mmeona: udongo haukubadilika, kilichobadilika ni hewa. Mashini koperative haina, ila tundu la hewa fundi wetu anaweza kulitoboa.

Tufanye nini?

– Tutoboe matundu mawili, moja chini na lingine juu upande wa pili, yenye wavu kwa panya na chuma kwa wezi.
– Tuzibe nyufa za simenti chini, hasa pembeni mwa ukuta.
– Sentineli apewe barza ao chumba chenye dirisha. Kumwinua juu ya kitanda ndani ya depo ileile hakutoshi, gesi inaenea chumba kizima.
– Asubuhi tufungue mlango, hewa ipite kwanza, kisha kazi ianze.
– Tumbako isivutwe ndani.

Tusiogope shamba: kule upepo unaichukua. Na hatari iko kwa anayepumua, si kwa anayekula maharagi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Depo yetu iko na matundu mangapi ya hewa, na mangapi yamezibwa?
2. Nani analala ndani, na toka miaka mingapi?
3. Katika nyumba zetu wenyewe, watoto wanalala chumba gani, na dirisha lake linafunguka?