Tawakali Haiondoi Hadhari: Somo la Kuizatiti Nyumba

Katika darasa letu la baada ya Isha, mmoja wetu aliuliza swali ambalo kwa sura yake lilikuwa dogo: "Lau umeme ungekatika saa hii, na jiko likashika moto nyumbani kwako, ni nani katika watu wako ajuaye ulipo ufunguo wa mlango wa uani?" Tukatazamana. Walio wengi hatukuwa na jibu. Mzee mmoja akasema, "Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi." Tukaitikia sote, tukataka kupita katika mas-ala mengine. Lakini muulizaji hakukubali kupita, na haki ilikuwa yake. Kwa sababu hiyo tumeona somo hili tulifanye la kuizatiti nyumba kabla ya masaibu kubisha hodi.

MAANA YA TAWAKALI

Kusema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi ni neno la haki, wala hapana Mwislamu alipingaye. Ubaya ni kulifanya neno la haki kuwa pazia la uvivu. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwachilie na kutegemea, akaamrishwa kwanza amfunge. Nabii Yusuf (a.s.) alipoagua ndoto ya mfalme wa Misri hakuwaambia watu wakae wangoje, aliwafundisha walime miaka saba, na nafaka waiache katika mashuke yake ila kidogo cha kula, ipate kuwa akiba ya miaka saba ya dhiki.

Na ilipoungua nyumba moja Madina usiku, wenyewe wamo ndani, Mtume aliwaonya watu kwamba moto ni adui yao, wauzime kabla ya kulala. Akawatahadharisha hata na panya, asije akauburura utambi wa taa akawaunguzia nyumba. Basi dini isiyodharau habari ya panya na utambi, je, itaridhia tulale na mtungi wa gesi unaovuja?

YALIYOTUFIKA

Hatuzungumzi habari za mbali. Mwezi wa Mei 2020, Ramadhani ikiwa haijesha, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, watu wakazuiwa kutoka na kuingia. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Na kabla ya mwaka huo kwisha zikaja mvua za El Niño, mafuriko yakaingia majumbani Mombasa, Kwale na Tana River. Masaibu matatu, kila moja na sura yake, katika muda usiotimia miaka minne. Atakayesema la nne halitakuja amejisemea asiyoyajua.

KWANZA: MAJI

Maji mengi ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, yakaletwa kwa mabomba. Bomba likivunjwa na mafuriko huko, mfereji hukauka huku, mvua nayo yaendelea kunyesha. Mtu mmoja ahitaji kadiri ya lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia peke yake. Nyumba ya watu sita, kwa siku tatu, ni lita 72; yaani mitungi minne ya lita 20. Iwe safi, ifunikwe, na maji yabadilishwe kila mwezi.

Mafuriko huchanganya maji ya visima na ya vyoo, na hapo ndipo kipindupindu huingia. Basi maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima. Mwenye kuharisha apewe upesi mchanganyiko huu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali.

PILI: MOTO

Sufuria ya mafuta ikishika moto usitie maji, kwani maji huyarusha mafuta na moto ukaenea. Zima jiko, uifunike sufuria kwa kifuniko, uiache mpaka ipoe. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa hata kwa kuizima. Jiko la makaa lisilazwe chumbani kulikofungwa; hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, mtoto akadhani ni kinywaji. Na akiyanywa asitapishwe; apelekwe hospitali mara moja.

Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, yasiwe ya barafu. Asipakwe dawa ya meno, wala samli, wala unga. Tumezirithi dawa hizi kwa wakubwa wetu, nao walikusudia wema. Lakini huzuia joto lisitoke na huharibu kidonda.

Tena tutazame madirisha yetu. Tumeyatia vyuma kwa kumhofia mwizi, nasi tumejifunga wenyewe. Ufunguo wa mlango wa pili uwe na mahali pamoja maalumu, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka saba, apajue gizani. Ajue pia swichi kubwa ya umeme ilipo, na nambari za kuomba msaada, 999 na 112.

TATU: DAWA NA KARATASI

Mwenye kisukari au shinikizo la damu asingoje kidonge cha mwisho ndipo aende dukani. Awe na akiba ya wiki moja. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba vitiwe katika mfuko wa plastiki usioingia maji, viwekwe mahali pa juu. Na pamoja navyo iwekwe karatasi ya wasia, madeni na amana. Ni wangapi waliofariki ghafla, warithi wakagombana kwa sababu marehemu hakuandika mistari mitano?

JAWABU KWA WENYE UDHURU

Huenda mtu akasema, "Haya yote yataka fedha." Twamjibu: mitungi minne, tochi moja, ndoo ya mchanga na mfuko wa plastiki havifikii gharama ya mapambo ya ukumbi wa arusi ya usiku mmoja, na mapambo hayo twayakopea. Ama maskini anunuaye unga kibaba kwa kibaba, yeye hatumlaumu hata kidogo. Lawama ni yetu sisi majirani zake, ikiwa tutajiwekea akiba yetu na kumsahau.

Kwani mwisho wa hadhari zote ni jirani. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, na katika mitaa ya Lamu ambayo gari haipiti, atakayefika kwanza ni mtu wa mlango wa pili. Na moto ukishika makuti hauulizi ni ya nani. Kwa hivyo kila mtaa ujue ni bibi yupi hawezi kushuka ngazi peke yake, ni nyumba ipi ina mgonjwa, na nani atakayemchukua.

LA KUFANYA KABLA YA DARASA LIJALO

Ndugu zetu, waume kwa wake, hatutaki somo hili liishie katika kusomwa. Usiku huu kila mmoja wetu awaonyeshe watu wake ulipo ufunguo. Kesho ajaze mitungi yake. Na kabla ya Ijumaa abishe mlango wa jirani yake, amwulize atahitaji nini siku ya shida. Atakayefanya matatu haya, kisha akasema "Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi", huyo amekwisha kumfunga ngamia wake. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na majirani zetu. Amin.