Mkono Unaokufa Ganzi Usiku

SWALI: Daktari, ninalima mpunga na kakao hapa Kyela. Tangu mavuno yaanze, usiku mkono wa kulia hufa ganzi hadi niukung'ute ndipo nipate usingizi. Je, mazoezi ya fiziotherapia yatatosha, au ni upasuaji?

JIBU: Pole sana, dada. Angalia vidole. Ikiwa ganzi iko kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku cha mwisho kikibaki salama, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kushika mundu kwa nguvu na kupasua kakao kutwa huchochea hali hiyo. Vilevile ujauzito na kisukari, kwa hiyo kapime sukari.

Ningeanza na splinti ya kufunga kifundo kikiwa kimenyooka, uvae kila usiku kwa wiki 6 hivi. Isikaze. Mchana kunja ngumi polepole, nyoosha vidole, kisha rudisha kifundo nyuma kidogo. Ganzi ikizidi, acha. Mazoezi peke yake bila splinti sikushauri. Wala usikubali kukandwa kwa nguvu juu ya kifundo, hata kama mkandaji anasifika kijiji kizima: neva iliyobanwa haihitaji kubanwa tena. Wakati wa kuvuna, badilishana kazi na wenzako.

Lakini ukianza kuangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba ikinywea, usisubiri wiki hizo. Nenda hospitali ya wilaya wakuchunguze. Huenda ukapewa rufaa Mbeya kwa upasuaji.