Imani Haikatazi Oksijeni

Andiko la kusoma: Marko 2:1-12

Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya wale wanaume 4 waliotoboa paa ili mgonjwa wao amfikie Yesu. Muda ulinishinda, kwa hivyo namalizia hapa, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama wa ushirika wetu ambaye mapafu yake yamechoka. Alipikia kuni kwenye jikoni lisilo na dirisha zaidi ya miaka 30, na daktari alimwambia ni ule moshi. Anaishi na mpira wa oksijeni puani. Na Gilgil tuko juu, karibu mita 2,000, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Siku moja kwenye maombi nilipaza sauti, "Kila kizuizi kiondoke!" Mama akautoa ule mpira. Mimi nikashangilia. Kabla wimbo wa pili kuisha midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na aliyemrudishia mpira ni binti yake, si mimi.

Nimeshamwomba msamaha. Kisha nikarudi kwa Neno. Hezekia aliahidiwa uponyaji, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo (1 Timotheo 5:23). Hakumuuliza imani yake imeenda wapi.

Ile mashine haina uchawi. Inavuta hewa hii hii yetu, ambayo oksijeni ni kama asilimia 21, inachuja naitrojeni, inatoa oksijeni ya asilimia 90 hivi. Mgonjwa wa namna hii huambiwa aitumie angalau masaa 15 kwa siku, kwa sababu utafiti wa Uingereza uliotangazwa 1981 ulionyesha kwamba waliofanya hivyo waliishi zaidi ya wasioitumia. Lakini usimwongezee mtu kipimo ati apumue vizuri. Kwa ugonjwa huu oksijeni ikizidi inaweza kumlewesha, hata apoteze fahamu. Kipimo ni cha daktari.

Mimi nilisomea biashara, hesabu siwezi kuacha. Mashine ya nyumbani ya wati 350, kwa masaa 15, inakula uniti 5 na robo kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya 150. Tunamwombea mama apate pumzi, halafu tokeni inaisha saa nane usiku! Na stima ikipotea je? Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani masaa mengi. Wengi wetu tulilia simu kuzima chaji. Mwenye mashine anahitaji mtungi wa akiba nyumbani, na mtu wa kumfungulia.

Ile ndogo ya kubeba anayokuja nayo kanisani ina betri, lakini ni ya masaa machache. Mhubiri anayesema "namalizia" mara 3 anamla mama betri. (Naandika nikijijua.)

Sasa, wazee na mashemasi, hili ni lenu. Oksijeni yenyewe haiwaki, bali inafanya moto uwake kwa fujo. Mishumaa ya kesha na jiko la chai vikae mbali naye, mita 2 au zaidi. Tukimpaka mafuta ya maombi, yasiwe usoni karibu na pua, wala mwenye mikono ya mafuta asiguse mtungi. Mpakeni mkononi, Mungu anaona.

Benchi la tatu upande wa kushoto liko karibu na soketi. Tuliache wazi kwa ajili yake, na mtu asichaji simu pale.

Kuhusu tokeni, natafuta watu 4 wa kuibeba kila mwezi, kila mmoja wiki yake. Kufikia Ijumaa tulikuwa 2.