NGAO ISIYONGOJA KUPIGWA
Somo fupi juu ya kinga ya vifaru vya vita

Kifaru wa mbugani na kifaru cha vitani wamepewa jina moja, na sababu yake haihitaji mganga. Wote wawili wana ngozi nene, na wakikujia, huna budi kupisha. Tofauti iko katika sarufi tu: mnyama amekuja, chombo kimekuja. Lakini je, ngozi nene inatosha kumlinda mwenyewe? Hilo ndilo swali la somo hili.

Ngozi peke yake haitoshi

Vifaru vya kwanza kuingia vitani vilikuwa vya Waingereza, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa. Vilikuwa na uzito wa tani 28 hivi, na chuma chao kilikuwa na unene usiozidi milimita 12. Chuma hicho kilitosha kuzuia risasi za bunduki za kawaida. Kisha adui akaleta silaha kali zaidi, na wahandisi wakaongeza chuma. Leo kifaru cha Israeli kiitwacho Merkava 4 kina uzito wa tani 65 hivi. Sasa jiulize: ni madaraja mangapi yanayoweza kubeba mzigo huo? Na injini itakunywa mafuta kiasi gani?

Juu ya hayo, kuna silaha ambayo haiogopi unene. Mwaka 1961 jeshi la Sovieti lilianza kutumia RPG-7, kombora ambalo askari mmoja hulibeba begani. Ndani ya kichwa cha kombora mna baruti, na mbele ya baruti hiyo kuna kitu mfano wa faneli ya chuma laini. Katika makombora ya namna hii mara nyingi huwa ni shaba. Baruti ikilipuka, faneli hubanwa na kugeuka mkuki mwembamba unaokwenda kilomita 8 hivi kwa sekunde moja. Wengi hudhani mkuki huo huyeyusha chuma kwa moto. La hasha! Hupenya kwa kasi na shinikizo. Kichwa cha kwanza cha RPG-7 kilikuwa na upana wa milimita 85, lakini kiliweza kupenya chuma cha milimita 260 hivi. Naam, kidogo hicho!

Mnamo Oktoba 1973 huko Sinai, askari wa miguu wa Misri waliviharibu vifaru vingi vya Israeli kwa makombora yaliyoongozwa kwa waya. Hapo ndipo majeshi mengi yalipotambua kwamba kuongeza chuma tu ni sawa na kuongeza blanketi wakati nyumba inavuja.

Njia ya kwanza: kumpumbaza adui

Kinga inayokaa tu ikingoja kupigwa, kama gamba la kobe, nitaiita kinga tulivu. Ile inayoona hatari na kuikabili kabla haijafika nitaiita kinga tendaji. Kinga tendaji zina njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya hila. Kifaru cha Urusi cha T-90 kimewahi kufungwa mtambo uitwao Shtora, wenye taa mbili kubwa kando ya mtutu. Baadhi ya makombora huwa na mwanga mkiani, na mtambo wa mrushaji huufuata mwanga huo ili kulielekeza kombora. Taa za Shtora huiga mwanga ule, basi mtambo wa adui ukachanganyikiwa na kulipeleka kombora kando. Aidha, mtambo ukihisi mwali wa leza unaokilenga kifaru, hurusha moshi wa kukificha.

Ni ujanja mzuri, ila una kasoro. RPG-7 haiongozwi na yeyote ikishatoka begani. Utampumbazaje asiyesikiliza?

Njia ya pili: dawa ya moto ni moto

Hapa ndipo somo linaponoga. Njia ya pili ni kulipiga kombora lenyewe lingali hewani. Wa kwanza kuufikisha mtambo wa namna hiyo jeshini walikuwa Wasovieti, kwa mtambo walioubatiza Drozd, uliofungwa kwenye vifaru vya T-55 katika miaka ya 1980. Rada yake ilipima kasi ya kila kitu kilichokuja mbele. Chenye kasi ya chini ya mita 70 kwa sekunde, mathalani ndege wa angani, kiliachwa kipite. Kilichozidi mita 700 kwa sekunde, kama vile risasi, kiliachwa pia. Kilichokuwa katikati kilipigwa kwa roketi iliyopasuka mita chache mbele ya kifaru na kumwaga vipande vya chuma.

Israeli nayo ilitengeneza mtambo uitwao Trophy. Antena zake nne za rada hutazama pande zote, kompyuta hukadiria kama kombora litakipiga kifaru au litapita kando, na endapo litapiga, mtambo hulitupia kundi la vipande vidogo vya chuma. Tarehe 1 Machi 2011, karibu na mpaka wa Gaza, Trophy iliokoa kifaru cha Merkava 4 kwa kulipiga kombora vitani kwa mara ya kwanza. Baadaye Marekani na Ujerumani pia zikauchagua kwa baadhi ya vifaru vyao.

Hebu sasa tufanye hesabu ya Fizikia. Tuseme kombora linakwenda mita 300 kwa sekunde na limerushwa kutoka mita 150. Gawanya mwendo kwa kasi: utapata nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo rada ione, kompyuta ipime, mtambo ugeuke na kufyatua. Dereva hata hajamaliza kusema "jamani!" Ndiyo maana kazi hii imeachiwa mashine. Mwanadamu hana nafasi ya kushauriwa.

Mkuki kwa nguruwe

Lakini nani analindwa? Merkava ina watu wanne ndani. Nje yake, hasa mijini, kuna askari wa miguu wanaotembea ubavuni mwake, na wakati mwingine raia waliojificha nyuma ya madirisha. Vipande vinavyorushwa havibagui rafiki na adui. Waundaji wa Arena, mtambo wa Urusi uliofuata Drozd, walieleza kuwa ni hatari kwa askari wa miguu walio ndani ya mita 20 hadi 30. Basi kinga ya wanne yaweza kuwa msiba wa kumi. Trophy hutumia vipande vichache vinavyolenga mahali padogo ili kupunguza hatari hiyo, lakini kupunguza si kuondoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Fauka ya hayo, mtambo una risasi chache. Makombora yakija mengi kwa pamoja huzidiwa. Na katika vita vya Ukraine, tangu 2022, tumeona vifaru vikipigwa kutoka juu na ndege ndogo zisizo na rubani, hata pande zote mbili zikavijengea vifaru vyao paa za vyuma mfano wa vizimba vya kuku. Droni ndogo huenda polepole. Mkumbuke yule ndege wa angani ambaye Drozd ilimwacha apite! Sasa wahandisi hawana budi kuifundisha rada kumtofautisha kunguru na muuaji.

Kwa hivyo jibu la swali letu ni hili: ngozi nene haitoshi, na jicho kali pia halitoshi. Kila ngao huzaa mkuki wake. Anayesoma Fizikia na asome pia kuuliza ni nani amesimama karibu na ngao hiyo inapofyatuka.

Zoezi

1. Kombora lina kasi ya mita 250 kwa sekunde na limerushwa kutoka mita 100. Mtambo una muda gani wa kulizuia?
2. Kwa nini Shtora haiwezi kuizuia RPG-7?
3. Mjadala wa chama: "Mashine isiachiwe kufyatua bila amri ya mwanadamu." Unga mkono au pinga.