Kidole Chako ni Sahihi Yako

Wazee wetu wasiojua kuandika walichovya dole gumba katika wino, wakaligandamiza juu ya karatasi. Walijua ya kuwa alama ile imewafunga. Nasi leo, tukisajili laini ya simu, twaweka kidole juu ya mashine ndogo. Lakini wengi hatujiulizi tumekubali nini.

Usajili huo wa alama za vidole, pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Shabaha yake ni njema: kila laini ijulikane ni ya nani. Lakini tuseme mama mmoja wa Kagoma, ametoka kuuza kahawa yake, anasajili laini gulioni. Wakala asiye mwaminifu amwambia, "Mama, alama haikusoma, weka tena." Kumbe ilisoma! Alama ya pili yasajili laini nyingine, ambayo mama hataiona kamwe. Siku laini hiyo ikitumika kuwalaghai watu, jina litakaloonekana ni la nani? Ni la mama.

Basi, kinga ni hii. Piga *106# na kufuata maelekezo. Utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni yenye laini hiyo, udai ifutwe. Na ujumbe wa matapeli, kama ule wa "ile pesa itume kwenye namba hii", usiujibu, bali upeleke kwenye namba 15040.

Je, ukidhulumiwa na kampuni yenyewe, salio likakatwa bila sababu? Kunung'unika kilabuni hakurudishi hata senti moja. Malalamiko yana ngazi zake. Kwanza iambie kampuni, ukiandika siku, saa na jibu ulilopewa. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Juu yake lipo Baraza la Ushindani, lisikilizalo rufani.

Haki isiyojulikana ni kama shamba lisilo na mipaka: kila apitaye hujimegea. Enyi vijana mliosoma, msingoje mama alie. Leo jioni, baada ya chakula, keteni karibu naye, mpige *106# pamoja, mmsomee kila namba.